Umri wa Mwili si Umri wa Kalenda

Mtu aliyekula chumvi nyingi huhesabiwa kwa miaka, na miaka hiyo imo katika cheti cha kuzaliwa. Watafiti wa uzee wanahesabu kitu kingine pia: kiasi ambacho seli na viungo vimechakaa. Vitabuni kipimo hicho huitwa umri wa kibaiolojia. Umri wa mwili ni jina jepesi zaidi na halipotezi maana, kwa hiyo ndilo linalofaa gazetini.

Hupimwaje? Njia mojawapo ni kuangalia telomea, vipande vya ncha za kromosomu. Jina lilibuniwa na Hermann Muller mwaka 1938 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwisho na sehemu. Telomea hufanya kazi ya upindo wa kanga: nguo isiyopindwa hufumuka nyuzi. Kila seli inapogawanyika, telomea hupungua. Mwaka 2013 Steve Horvath alileta njia nyingine, saa inayosoma alama za kikemikali kwenye sehemu 353 za DNA.

Katika kutafuta kinachoharakisha uchakavu huo, ndipo hulka inapoingia. Hulka, si tabia: kuvuta sigara ni tabia, wasiwasi usiokwisha ni hulka. Mwaka 2004 Elissa Epel, Elizabeth Blackburn na wenzao walichunguza akina mama 58, wengi wao wakilea watoto wenye maradhi sugu. Kwa wastani, telomea za walezi hao hazikuwa fupi kuliko za wenzao wenye watoto wazima. Zilizokuwa fupi ni za wale waliojiona wameelemewa mno, na pengo lao na waliojiona watulivu lilikadiriwa kulingana na angalau miaka kumi ya kuzeeka. Ndani ya kundi la walezi, miaka mingi ya kuuguza nayo ilikwenda na telomea fupi.

Je, mchangamfu ndiye anayedumu? Hapa mambo hugeuka. Katika utafiti ulioanzishwa na Lewis Terman huko California mwaka 1921, watoto zaidi ya 1,500 walifuatiliwa hadi uzeeni. Howard Friedman na wenzake waligundua kwamba waangalifu na wawajibikaji waliishi zaidi. Waliokuwa wacheshi utotoni walitangulia kufa. Kwa upande mwingine, kati ya masista 180 wa Marekani walioandika maisha yao wakiwa vijana, wale waliotumia maneno mengi ya furaha na shukrani waliishi zaidi ya wenzao.

Sehemu ya maelezo ni ya kawaida kabisa: mwangalifu havuti sana, halewi ovyo, hatupi dawa kabla ya dozi kwisha. Sehemu nyingine ni homoni ya kotisoli, ambayo huweza kubaki juu kwa mwenye hofu ya kudumu. Lakini tafiti hizi zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi chanzo. Isitoshe, saa mbili tofauti zinaweza kumpa mtu yuleyule umri tofauti, na mwandishi anayetaja umri wa mwili bila kutaja kipimo chake amemwachia msomaji nusu ya habari.