Taskbook
Taskbook ni programu huria ya kupanga kazi binafsi na kuandika kumbukumbu ndani ya teminali, yaani dirisha la kompyuta linalopokea amri za maandishi. Ilitolewa mwaka 2018, imeandikwa kwa lugha ya JavaScript na huendeshwa kwa mazingira ya Node.js.

Amri yake ni herufi mbili tu, tb. Ikiandikwa peke yake huorodhesha mbao zote, yaani makundi ya kazi, pamoja na idadi ya kazi zilizokamilika na zinazosubiri. Ubao mpya huundwa kwa kutanguliza alama ya @ mbele ya jina lake. Kila kazi hupewa namba, na kwa namba hiyo mtumiaji huitia alama ya kukamilika, huihamishia ubao mwingine au huifuta. Kilichofutwa hakipotei: huingia kwenye hifadhi na kinaweza kurudishwa. Umuhimu wa kazi hupangwa kwa ngazi 3, kuanzia p:1 hadi p:3 iliyo ya juu kabisa.

Data zote hukaa kwenye faili za JSON katika kompyuta ya mtumiaji, bila akaunti wala intaneti. Hiyo, pamoja na kutumika ndani ya teminali, ndiyo nguvu yake kuu, hasa kwa waandaaji wa programu, ambao teminali yao huwa wazi kutwa nzima.