Kutembea Nuruni: Ushuhuda wa Balokole kutoka Gahini hadi Nakivale

Katika makanisa ya Nakivale, wilayani Isingiro, neno "nuru" husikika karibu kila ibada. Mtu husimama, akashuhudia kwa Kiswahili au Kinyarwanda kwamba alikuwa gizani na sasa yuko nuruni. Mimi nimekulia humo, na kabla ya kuja kusoma Mbarara nilidhani nuru ni faraja tu, mwisho wa usiku wa kukimbia vita. Historia ya eneo hili inaonyesha maana ngumu zaidi. Insha hii inaeleza kwamba, kwa watu wa uamsho wa Afrika Mashariki, nuru ilikuwa kwanza tendo la kujifichua mwenyewe, na uzito wa ushuhuda wao ulitokana na hilo.

Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Joe Church, aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo Mganda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulishika Gahini, ambako Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alikuwa mwalimu. Kutoka huko ulienea Kigezi, Ankole na mbali zaidi. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda. Msemo wao mkuu, kutembea nuruni, waliutoa katika Waraka wa Kwanza wa Yohana.

Kutembea nuruni kulikuwa na utaratibu wake. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja wizi, uzinzi au chuki yake. Aliyeiba alirudisha mali. Wamisionari Wazungu nao waliungama mbele ya Waafrika na kuwaomba msamaha, jambo la ajabu katika enzi ya ukoloni. Ndiyo maana wengi waliwasadiki: aliyekwisha kujianika mwenyewe hakuwa na sababu ya kudanganya.

Lakini nuru hiyohiyo iliumiza. Aliyetaja dhambi yake mara nyingine alimtaja na aliyeshirikiana naye, na wazee waliona siri za nyumba zikitolewa nje. Wengine waliacha kujimulika, wakawamulika wenzao, hasa viongozi wa kanisa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao. Hata hivyo uamsho haukuzimika. Mwaka 1966 Erica Sabiti, Mlokole kutoka Ankole, alikuwa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Uganda.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa Rwanda kwenyewe. Kuanzia 1959 Watutsi wengi walikimbilia Uganda, na Nakivale ilianzishwa kwa ajili yao. Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa uamsho aliyewahudumia watu waliohamishiwa Nyamata, aliuawa Januari 1964, na anakumbukwa kwa kuwaombea msamaha wauaji wake. Miaka thelathini baadaye, Nyamata hiyohiyo, maelfu waliuawa kanisani na kandokando yake katika mauaji ya kimbari. Nakivale ikapokea wakimbizi wapya, huku wengi wa zamani wakirudi kwao.

Basi nuru ilikwenda wapi? Naona kwamba waamini walizoea kuungama ulevi na uzinzi, lakini chuki ya kikabila wengi waliiacha mahali ambapo taa haikufika. Dhambi ya mtu mmoja ilikuwa na jina. Dhambi ya kundi zima haikuwa na wa kuisimamia. Yona anaonyesha kwamba njia nyingine ilikuwepo, na kwamba gharama yake ilikuwa kubwa.

Leo Nakivale ina Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, wanaopanga madumu kwenye bomba moja. Katika shuhuda zetu, kila mmoja husimulia alivyotendewa, nami pia. Likizo iliyopita, chini ya taa ya sola, mzee mmoja alisimama akasema kwamba kwa miaka mingi hakumsalimu jirani yake kwa sababu ya lugha anayozungumza mama huyo. Hatukupiga makofi kama kawaida yetu. Baada ya ibada alikwenda kubisha mlangoni kwake. Nadhani Balokole wa Gahini wangeitambua nuru ile.