Mchezo Usioandikwa: Kundi la Mufwankolo na Kiswahili cha Lubumbashi

Katika mafunzo ya fasihi ya Kiswahili, neno tamthilia limezoea kumaanisha kitabu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) na Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981) husomwa, huchambuliwa na kutungiwa mitihani, hata kwa wanafunzi ambao hawajapata kuona jukwaa. Mazoea haya yameifunika sanaa moja kubwa ya wasemaji wa Kiswahili, yaani mchezo wa kuchekesha unaotungwa papo kwa papo, ambao wachezaji wake hawana maandishi mikononi. Makala haya yanakusudia kueleza habari za kundi moja la sanaa hiyo, Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, na kuonyesha ni kwa nini habari hizo zinawahusu wataalamu wa lugha popote walipo.

Mji na lugha yake

Lubumbashi ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville hadi mwaka 1966. Ni mji uliozaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji watu wa kuchimba na kuyeyusha madini, nayo ikawaajiri kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini na katika Katanga yenyewe. Watu hao hawakuwa na lugha moja. Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya kabila lolote la mahali hapo, kilifanywa lugha ya kazi na ya kambi. Na watoto waliozaliwa kambini wakakifanya lugha yao ya kwanza.

Kiswahili hicho kina sura yake. Watu huitwa bantu, watoto huitwa batoto. Ukubwa au mamlaka ni bukubwa. Mtoto mdogo ni katoto, na wakiwa wengi ni tutoto. Msikilizaji wa pwani huweza kuyaita haya makosa. Lakini viambishi ba-, bu- na ka-/tu- ni viambishi vya ngeli za Kibantu vilivyo hai katika Kiluba na Kibemba, lugha za majirani, na hutumiwa kwa utaratibu ulio wazi. Edgar Polomé aliandika juu ya Kiswahili cha mji huo katika miaka ya 1960, na baadaye Johannes Fabian akachunguza jinsi serikali ya kikoloni ilivyokitumia kama chombo cha kutawala.

Wala lugha hii haikuwa ngeni Nairobi. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alizinasa nyimbo zake mwaka 1952, na Edouard Masengo walifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950, na magitaa yao yakaacha athari kubwa katika muziki wa hapa. Wakenya waliimba kwa Kiswahili cha Katanga bila kuuliza kama ni sanifu.

Kundi na kazi yake

Mufwankolo ni jina la jukwaani la Odilon Kyembe Kaswili. Sanaa yake ina mizizi katika mitaa ya wafanyakazi, ambako vijana waliimba, walicheza ngoma na kuigiza vituko vya mjini. Kwa njia ya redio, na baadaye televisheni, kundi lake likajulikana katika nyumba nyingi za jimbo hilo. Wachezaji wake pia huchukua majina ya jukwaani ambayo hawayabadili kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo hadhira humtambua mchezaji kabla hajafungua kinywa, na kicheko huanza kabla ya neno la kwanza. Katika jambo hili kundi hilo linafanana na waigizaji wa Italia wa karne ya 16, ambao nao walikuwa na wahusika wa kudumu na muhtasari wa kisa tu.

Mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha huko Vienna kitabu kilichohusu kundi hili. Lakini maelezo kamili zaidi ya namna mchezo unavyozaliwa ni yale ya Fabian, aliyerudi Lubumbashi mwaka 1986. Siku moja akiwa mgeni chakulani alipewa firigisi ya kuku, akaambiwa kuwa haigawanywi, kwani mamlaka huliwa yote mazima. Msomaji wa Kenya ya magharibi hatahitaji kufafanuliwa sana heshima ya firigisi. Fabian hakuwa na hakika na maana ya msemo huo, akawauliza wachezaji. Hawakumpa jibu moja. Waliuzungumza, wakatofautiana, kisha wakaamua kuufanya kuwa shina la mchezo wao uliofuata.

Utaratibu wa kazi yao ulikuwa huu: kwanza walizungumzia maana ya msemo, kisha walikubaliana juu ya kisa, wakakigawa katika maonyesho, na kupeana nafasi. Baada ya hapo walifanya mazoezi, kila mmoja akitunga maneno yake mwenyewe alipokuwa akiyasema. Kilichorudiwa zoezi baada ya zoezi ni mwendo wa kisa. Maneno yenyewe yalibadilika. Kisa kilimhusu chifu wa kijiji na watu wake: nidhamu inavunjika, kijiji kinaingia katika vurugu, na swali la nani atawale, na kwa namna gani, linarudi mbele ya wote. Mchezo ulipigwa picha za televisheni katika kijiji cha Kawama, nje ya mji. Fabian alinasa mazungumzo, mazoezi na onyesho lenyewe, akachapisha kitabu chake mwaka 1990 pamoja na maneno ya Kiswahili.

Uzito wa mchezo

Haifai kudhani kwamba kazi hii ilikuwa burudani tupu. Zaire ya mwaka 1986 ilikuwa nchi ya chama kimoja, chini ya Mobutu, na televisheni ilikuwa ya serikali. Kuigiza habari za mamlaka katika hali hiyo ni jambo la kutembea nalo kwa uangalifu. Msemo wenyewe una pande mbili. Mtu anaweza kuusikia kuwa unamtetea mtawala asiyegawana uwezo wake na yeyote. Mwingine anaweza kuusikia kuwa unashutumu ulafi wa mtawala huyohuyo. Wachezaji hawakulazimika kuchagua kwa sauti. Aidha, mchezo usio na maandishi hauwezi kukaguliwa neno kwa neno kabla ya kuchezwa. Hata hivyo, haingekuwa haki kuwaita waasi, kwa kuwa kundi lilitegemea televisheni hiyohiyo ili lifikie watu wake. Kicheko chao kilikaa katikati, mahali ambapo watu wengi wa nchi hiyo walilazimika kuishi.

Hapa pana tatizo la kitaaluma ambalo halijatatuliwa. Ikiwa maneno ya zoezi la pili si ya zoezi la tatu, wala ya onyesho la Kawama, matini ya mchezo huo ni ipi? Anayechukua onyesho la mwisho peke yake hupoteza mabishano yaliyolizaa. Anayeyakusanya yote hupata rundo ambalo hakuna mtazamaji aliyepata kuliona kwa ukamilifu. Na anayesahihisha bantu kuwa watu, kwa kusudi la kuchapisha, hufuta historia nzima ya mji wa wachimba madini.

Mwisho

Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 na usanifishaji ukafuata msingi wa Kiunguja, wasemaji wa Kiswahili wamepata faida kubwa za kitabu kimoja na tahajia moja. Faida hizo si za kubezwa. Lakini kanuni za tahajia hazikuwekwa ili ziamue ni nani mwenye fasihi na ni nani asiye nayo. Vichekesho vya aina hii vimechezwa pia katika mitaa ya Dar es Salaam, na vingi vilipotea siku ileile vilipochezwa. Kundi la Mufwankolo lilipata wasikilizaji wachache waliokuwa na kinasasauti na subira. Hapana budi idara za Kiswahili za Afrika Mashariki nazo zitoke na vinasasauti vyao, zisikilize kabla ya kusahihisha, na zihifadhi maneno jinsi yalivyosemwa.