Mawimbi katika Taji la Jua

Wasomaji wetu wa Mpemba na vijiji vya jirani bado waikumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kabla ya adhuhuri. Huko Rujewa, wilaya ya Mbarali, watu waliona mwezi umekaa katikati ya jua, na ukingo wa jua ukawa pete ya moto. Sisi huku tulibakiziwa sehemu ndogo tu ya jua, lakini pete hatukuiona. Wengi waliuliza: Je, lile taji la jua lisimuliwalo vitabuni li wapi? Halikuonekana kwetu, wala Rujewa halikuonekana, maana hata pete nyembamba ya jua hulishinda taji kwa mwanga. Waliobahatika ni jirani zetu wa Zambia, tarehe 21 Juni 2001, mwezi ulipolifunika jua lote juu ya Lusaka kwa muda wa dakika tatu na zaidi.

Taji hilo kwa Kilatini huitwa korona. (Neno hili watu wetu walilizoea kwa huzuni tangu mwaka 2020, kwa kuwa kirusi cha ugonjwa ule nacho chafanana na taji.) Ni hewa nyembamba mno, yenye joto la digrii milioni moja na zaidi, hali uso wa jua wenyewe una digrii 5,500 hivi. Nguvu za sumaku zapita ndani yake kama nyuzi katika nguo. Pengine nyuzi hizo hupindana hata zikakatika na kuungana upya. Ndipo jua hulipuka, na hewa nyingi hutupwa mbali. Mlipuko wa kwanza kuandikwa ulionwa na Waingereza wawili, Carrington na Hodgson, tarehe 1 Septemba 1859, siku ile ile ya mwaka kama kupatwa kwetu, ingawa mambo hayo mawili hayahusiani.

Basi, jiwe likitupwa bwawani, maji hufanya mawimbi. Je, taji nalo hutikisika hivyo? Mwaka 1960 Gail Moreton wa California, aliyepiga picha za jua kwa kufuatanisha upesi, alieleza kwamba baada ya milipuko mingine aliona alama ikienea usoni pa jua kwa mwendo wa kilomita 1,000 hivi kila sekunde. Hewa ya chini haiwezi kulibeba wimbi la namna hiyo likafika mbali. Mwaka 1968 Mjapani Yutaka Uchida akafumbua fumbo: wimbi lenyewe lapita juu, katika taji, na alama ile ni kama unyayo wake tu.

Lakini wimbi lenyewe lilikuwa halijaonwa. Chombo kiitwacho SOHO kilirushwa Desemba 1995, nacho tarehe 12 Mei 1997 kikapiga picha za duara lenye kung'aa likitanuka katika taji baada ya mlipuko. Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Duara hilo lilikwenda polepole kuliko alama za Moreton, na picha zilipishana kwa dakika nyingi, hata wimbi likawa limekwisha kupita. Wengine walisema si wimbi kabisa, ila ni nyuzi za sumaku zinazosukumwa na kufunguka. Kwa maoni yetu hawakuwa wakaidi. Waliona kweli kitu ambacho wenzao walikipuuza.

Februari 2009 vyombo viwili vya STEREO, vikilitazama jua kutoka pande mbili, viliona wimbi lenye kimo cha kilomita 100,000, likienda kilomita 250 kila sekunde. Kwa mwendo huo, barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, yenye kilomita zaidi ya 900, ingemalizwa kwa sekunde nne hivi! Tangu mwaka 2010 chombo kingine, SDO, hupiga picha kila baada ya sekunde chache, na wataalamu wengi sasa wakubali kwamba yote mawili yapo: wimbi la kweli hutangulia mbele, na nyuma yake hufuata ukingo wa nyuzi zilizosukumwa, wenye mwendo wa pole.

Tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa tena, na njia ya pete itapita Zambia na Tanzania. Taji halitaonekana safari hiyo pia. Watakaotazama watahitaji miwani maalumu, kwa maana pete ile hupofusha macho.