Tai wa Kaisari na Ngao za Wakuu Wake

Katika habari za Ulaya ya zamani twakuta mara nyingi jina la Dola Takatifu ya Kirumi. Jina hili huwatatiza wengi, kwa kuwa hudhani ni dola ile ile ya Kaisari Augusto tunayoisoma katika Injili ya Luka. Siyo ile. Dola hii ilikuwa hasa katika nchi za Wajerumani, na pamoja nao Wacheki wa Bohemia, na watu wa Italia ya kaskazini, na wengine wa nchi zinazoitwa leo Austria, Uswisi, Ubelgiji na Uholanzi. Mwanzo wake wengine huuhesabu tangu Noeli ya mwaka 800, Papa Leo III alipomvika Charlemagne taji mjini Roma; wengine tangu mwaka 962, alipovikwa Otto I. Mwisho wake hauna mashaka: ni tarehe 6 Agosti 1806.

Dola hii haikuwa na lugha moja, wala mji mkuu mmoja. Kaisari wake hakurithi kiti kwa haki ya kuzaliwa, bali alichaguliwa. Chini yake walikuwako wafalme, wakuu, maaskofu wenye nchi zao, na miji iliyojitawala, kila mmoja na sheria zake na askari wake. Yafaa basi kuuliza, watu hawa walijuaje kuwa wao ni wa dola moja? Jibu moja, wala si dogo, limo katika alama walizochora juu ya ngao zao. Mwenye kujua kuzisoma ataona jinsi dola ile ilivyosimama, na pia mahali ilipopasuka.

Desturi ya kuchora ngao ilianza Ulaya karibu na katikati ya karne ya 12. Askari wapanda farasi walijifunika chuma mwili mzima, na chapeo zao zikazidi kuficha uso, hata ndugu asimtambue ndugu yake vitani. Hivyo kila mkubwa akawa na alama yake, na mwanawe akairithi. Rangi zilizopendwa ni nyekundu, buluu, nyeusi na kijani, pamoja na madini mawili, dhahabu inayochorwa kwa njano, na fedha inayochorwa kwa nyeupe. Kanuni yao ilikuwa kwamba rangi isiwekwe juu ya rangi, wala madini juu ya madini, ili alama ionekane toka mbali. Wakawako na wapiga mbiu, watu ambao kazi yao ilikuwa kuzijua ngao zote na kutangaza ni ya nani. Kwa watu wengi wasiojua kusoma, ngao ndiyo iliyokuwa barua.

Alama ya Kaisari ilikuwa tai mweusi juu ya dhahabu. Tai huyu alitoka kwa Warumi wa kale, ambao majeshi yao yalimchukua juu ya miti mbele ya askari. Hapo kwanza alikuwa na kichwa kimoja tu. Tai mwenye vichwa viwili alionekana hapa na pale katika michoro ya karne ya 13, lakini aliyemthibitisha kuwa alama ya Kaisari ni Sigismund, aliyevikwa taji Roma mwaka 1433. Tangu hapo ikawa kanuni kwamba mfalme aliyechaguliwa lakini hajawa Kaisari hutumia tai wa kichwa kimoja, na akiisha kuwa Kaisari hutumia wa vichwa viwili. Watu wamebuni maana nyingi za vichwa hivyo, kwamba kimoja chatazama mashariki na kingine magharibi, na kadhalika. Mimi naona kanuni ile yatosha.

Sigismund aliongeza jambo jingine. Vichwa vya tai wake vilizungukwa na duara za nuru, kama zichorwavyo juu ya vichwa vya watakatifu. Hapa msomaji Mkristo hana budi kusimama kidogo. Sigismund huyu ndiye aliyempa Jan Hus, mwalimu wa Praha katika Bohemia, barua ya ulinzi ili aende salama kwenye mtaguso wa Konstanz. Hus akaenda kwa kuutegemea ulinzi huo. Akafungwa, akahukumiwa, na tarehe 6 Julai 1415 akachomwa moto. Wacheki hawakusahau kwamba neno la mfalme halikumlinda mtu wao, wakapigana na majeshi ya Sigismund kwa miaka mingi. Nuru ile juu ya vichwa vya tai ilichorwa baadaye.

Sasa tutazame ngao za wachaguzi. Mwaka 1356 Kaisari Charles IV alitoa sheria kuu iliyoitwa Hati ya Dhahabu, kwa ajili ya muhuri wake wa dhahabu. Sheria hii ilitaja watu saba wenye haki ya kumchagua mfalme: Maaskofu Wakuu wa Mainz, Trier na Köln, na Mfalme wa Bohemia, na Mkuu wa Palatino penye mto Rhein, na Mkuu wa Saksonia, na Mkuu wa Brandenburg. Ngao ya Trier ilikuwa msalaba mwekundu juu ya nyeupe, ya Köln msalaba mweusi juu ya nyeupe. Bohemia ilikuwa na simba mweupe mwenye mikia miwili juu ya nyekundu, Palatino simba wa dhahabu juu ya nyeusi, Brandenburg tai mwekundu juu ya nyeupe, na Saksonia mistari myeusi na ya dhahabu yenye utepe wa kijani uliopita juu yake mshazari.

Kila mmoja wa wale wanne wasio maaskofu alikuwa na utumishi wake nyumbani mwa Kaisari, na sheria ilieleza utumishi huo kwa makini ya kushangaza. Siku ya karamu kuu, Mkuu wa Saksonia alipaswa kupanda farasi na kuingia katika chungu ya nafaka ya farasi iliyofika kifuani pa mnyama wake, akajaza kipimo cha fedha na kumpa mtumishi. Mkuu wa Brandenburg alileta maji katika mabakuli ya fedha pamoja na kitambaa, ili Kaisari anawe mikono. Mkuu wa Palatino alileta sahani nne za fedha zenye chakula. Mfalme wa Bohemia naye alikuwa mnyweshaji, kama yule wa Farao tunayemjua katika habari za Yusufu. Hao walikuwa mabwana wa nchi pana, na nyumbani kwao walitumikiwa na mamia ya watu. Lakini hawakuona haya kwa kazi hizo. Baadhi yao walizichora kabisa katika ngao zao. Saksonia iliongeza panga mbili nyekundu zilizopishana, Brandenburg fimbo ya enzi ya dhahabu, na Palatino tufe la dhahabu lenye msalaba juu yake. Panga zile za Saksonia, zikiwa za rangi ya buluu, zapigwa hata leo chini ya vikombe na sahani za kiwanda cha Meissen kilichoanzishwa mwaka 1710.

Nimeiacha ngao ya Mainz makusudi, kwa sababu ina hadithi. Ni gurudumu jeupe juu ya nyekundu. Husimuliwa kwamba Willigis, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Mainz tangu mwaka 975 mpaka 1011, alikuwa mwana wa fundi wa magari ya kukokotwa, na makasisi wa ukoo mkubwa wakamdhihaki kwa kuchora magurudumu katika kuta za nyumba yake. Naye hakukasirika, akafanya gurudumu kuwa alama yake. Wenye elimu hawaikubali hadithi hii, maana wakati wa Willigis desturi ya ngao ilikuwa haijazaliwa bado. Hata hivyo watu wa Mainz waliipenda mno, nami siwalaumu.

Mwaka 1510 mchoraji Hans Burgkmair wa mji wa Augsburg alitoa picha kubwa ya dola nzima iliyopigwa chapa kwa mbao. Aliiita Dola Takatifu ya Kirumi pamoja na viungo vyake. Neno viungo latukumbusha Mtume Paulo na maneno yake juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Katika picha hiyo yupo tai mwenye vichwa viwili, na mabawa yake yamejaa ngao 56. Nane ziko juu, na zilizobaki zimepangwa nne nne katika manyoya 12. Na juu ya kifua cha tai amechorwa Kristo msalabani.

Ukizisoma ngao hizo utakuta wakuu wanne, na mashujaa wanne, na miji minne, na vijiji vinne, hata wakulima wanne. Mtu asiyejua aweza kufurahi na kusema, Tazama, hata mkulima ana mahali pake kifuani pa dola! Lakini hao wanaoitwa wakulima ni Köln, Regensburg, Konstanz na Salzburg, yaani miji mikubwa yenye makanisa makuu na biashara. Na miongoni mwa vile vinavyoitwa vijiji wamo Ulm na Bamberg, ambavyo havikuwa vijiji hata kidogo. Mkulima halisi, mwenye jembe na mzigo wa kodi, hakuwamo.

Naye alikuwa na alama yake. Tangu mwaka 1493 wakulima wa nchi za mto Rhein walikula njama mara kadhaa juu ya mabwana wao, na alama ya bendera yao ilikuwa kiatu cha mkulima, kile cha kufungwa kwa kamba ndefu mguuni, kwa sababu wakubwa walivaa buti. Katika baadhi ya bendera hizo alichorwa Kristo msulubiwa pia. Mwaka 1525 maasi yakawaka katika sehemu nyingi za dola. Wakulima waliandika madai yao 12 katika mji wa Memmingen, na la kwanza lilikuwa kwamba kila kanisa lijichagulie mchungaji wake. Hawakushinda. Makumi ya elfu waliuawa na majeshi ya wakuu. Basi Kristo yule yule alichorwa juu ya tai wa Kaisari na pembeni mwa kiatu cha mkulima, na damu ikamwagika kati ya hao wawili.

Wakuu wenyewe nao walipigana. Mwaka 1619 Wacheki walimkataa mfalme wao wa ukoo wa Habsburg, wakampa taji Friedrich V wa Palatino, ambaye mkewe alikuwa binti wa Mfalme James wa Uingereza, yule ambaye kwa agizo lake Biblia ya Kiingereza ilitolewa mwaka 1611. Friedrich alishindwa karibu na Praha tarehe 8 Novemba 1620, akakimbia. Mwaka 1623 Kaisari Ferdinand II akamnyang'anya haki ya kuchagua, akampa Maximilian wa Bavaria, jamaa yake wa ukoo mmoja, na lile tufe la dhahabu likahamia katika ngao ya Bavaria. Vita vilivyoanza mwaka 1618 havikwisha mpaka 1648, na watu kwa mamilioni walikufa kwa upanga, njaa na tauni. Mapatano yalipofanyika, Bavaria haikurudisha ilichopewa. Ikabidi kuanzishwa kiti cha mchaguzi wa nane kwa ajili ya mwana wa Friedrich.

Binti wa Friedrich, jina lake Sophia, aliolewa na Mkuu wa Hannover, naye mwaka 1692 akapewa kiti cha tisa. Utumishi wa kumpa haukuwako tena, hata ngao ndogo ya cheo chake ikawa nyekundu tupu. Baadaye nyumba ya Hannover ilifanywa watunza hazina wa dola, na mahali pale patupu pakachorwa taji la Charlemagne. George, mwana wa Sophia, alipokuwa Mfalme wa Uingereza mwaka 1714, aliliingiza taji hilo katika ngao ya Uingereza, pamoja na farasi mweupe wa Hannover. Alama za Hannover zilidumu humo mpaka mwaka 1837, alipotawala Victoria.

Mwaka 1806 Napoleon alikuwa amekwisha kuwavuta wakuu wengi wa Wajerumani upande wake. Tarehe 6 Agosti mpiga mbiu wa dola alisimama juu ya roshani ya kanisa moja mjini Vienna, akatangaza kwamba Kaisari Franz II ameliweka taji chini. Franz alibaki Kaisari wa Austria, akabaki na tai wake wa vichwa viwili. Wafalme wa Prussia, ambao kwao mtawala wa Brandenburg alikuwa mzee wa ukoo, walitumia tai mweusi wa kichwa kimoja, naye ndiye aliyewekwa kuwa alama ya dola mpya ya Wajerumani mwaka 1871.

Tai hao wawili walifika hata pwani yetu. Wa vichwa viwili alikuja juu ya reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mke wa Kaisari Franz I, na kifuani mwake mna ngao za nchi za mama huyo, kama Hungaria na Bohemia. Wa kichwa kimoja alikuja juu ya pesa za shaba za Kampuni ya Kijerumani, zilizoanza kupigwa mwaka 1890, na upande wa pili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Pesa zile zilikoma upesi. Reale iliendelea kupigwa, hata katika London na Bombay katika karne ya 20, na kila moja, iwe imepigwa mwaka gani, huandikwa mwaka 1780, ndio mwaka aliokufa Maria Theresa.