Tiba ya Mazungumzo Ilenge Kujiua Kwenyewe

Wataalamu wengi wamezoea kuziona fikra za kujiua kama dalili tu ya sonona: ukiitibu sonona, nazo zitatoweka. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Tiba ya mazungumzo inayofaa zaidi ni ile inayolikabili jaribio lenyewe la kujiua: lilianzaje, lilikoleaje, na mtu afanye nini hali hiyo ikimrudia.

Mwaka 2005, Gregory Brown, Aaron Beck na wenzao wa Philadelphia, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti kuhusu watu wazima 120 waliokuwa wametoka kujaribu kujiua. Waliopata vikao 10 vya tiba ya utambuzi walijaribu tena kwa nusu tu ya kiwango cha wenzao waliopata huduma ya kawaida, kwa muda wa miezi 18. Sonona yao ilipungua, lakini fikra za kujiua hazikutofautiana na za kundi la pili. Fikra zilikuja, nao walikuwa wamejifunza namna ya kuzivuka.

Utafiti wa Bern, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2016 unaitilia nguvu hoja hii. Katika vikao 3, mgonjwa alisimulia kisa chake mbele ya kamera, akaitazama rekodi pamoja na mtaalamu, kisha wakaandika kwa pamoja ishara za hatari na hatua za kuchukua. Barua za kumjulia hali zilifuata kwa miaka 2. Katika kipindi hicho, kundi hilo la watu 60 lilikuwa na majaribio 5. Kundi la kulinganisha, lenye idadi ileile, lilikuwa na 41. Ukubwa wa sonona mwanzoni haukubadili matokeo. Kilichosaidia ni maelewano kati ya mgonjwa na mtaalamu: yalipokuwa mazuri zaidi, majaribio yalipungua.

Wapo watakaosema Afrika Mashariki haina wanasaikolojia wa kutosha. Ni kweli, lakini sehemu muhimu ya tiba hii, yaani mpango wa usalama, hutosha kwenye ukurasa mmoja: ishara za hatari, njia za kujituliza, watu wa kuwapigia simu, na namna ya kuweka mbali vitu vya hatari. Muuguzi au tabibu wa kituo cha afya aliyefundishwa vizuri anaweza kuuandaa na mgonjwa, kisha akampigia simu kufuatilia.

Kikwazo kikubwa zaidi ni sheria. Tiba inayodai simulizi ya kweli haiwezi kustawi pale ambapo kusimulia ni kukiri kosa. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Nchini Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinaliita kosa. Bunge na likifute, na vyuo vya uuguzi na utabibu vifundishe mpango wa usalama kwa kila mwanafunzi. Aliyenusurika anahitaji msikilizaji, wala si mashtaka.