Tofauti za kijiografia katika kulazwa hospitalini

Ni uwanja wa takwimu za afya unaochunguza kwa nini wakazi wa eneo moja hulazwa mara nyingi kuliko majirani zao, hata pale maradhi yanapofanana. Mwaka 1938 daktari Mwingereza J. Alison Glover alionyesha kuwa ukataji wa mafindofindo kwa watoto wa shule ulitofautiana mno kati ya wilaya na wilaya. Mwaka 1973 John Wennberg na Alan Gittelsohn walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa maeneo 13 ya jimbo la Vermont, Marekani: upasuaji huo huo ulianzia 13 hadi 151 kwa kila watu 10,000. Pengo kama hilo haliwezi kubebeshwa ugonjwa peke yake. Mazoea ya madaktari na wingi wa vitanda navyo vimo.

Mwanatakwimu husawazisha kwanza umri na jinsia, kisha hulinganisha idadi ya waliolazwa na idadi iliyotarajiwa, akichukulia kwa kawaida kwamba hesabu hizo hufuata mtawanyo wa Poisson. Mtego uko kwenye maeneo yenye watu wachache: wakizidi wagonjwa wawili tu, kiwango huruka na ramani huwaka nyekundu bure. Modeli ya Besag, York na Mollié ya mwaka 1991 hutuliza mruko huo kwa kuazima taarifa za maeneo jirani. Isichoweza kutuliza ni hesabu mbovu: mgonjwa mmoja aliyelazwa mara tano, asipotambuliwa, huonekana watu watano.